Mistari sita si sauti sita: Jinsi ya kuandika gita inayosema kwa mikondo miwili

WASOMAJI wa safu hii wamezoea tukijadili ngeli, viambishi na vina vya mashairi. Leo nawaalika tuitazame gita. Msiulize gita na lugha vina uhusiano gani, kwa maana uhusiano upo, na ni wa karibu. Muziki ukiandikwa, huandikwa kwa alama. Alama hizo zina sarufi yake, na sarufi hiyo isipozingatiwa, kinachosomwa huwa tofauti na kilichosemwa. Tena hatuwezi kufundisha sarufi hiyo kwa Kiswahili ikiwa hatuna maneno ya kuielezea. Mambo haya mawili ndiyo nitakayoyashughulikia katika makala haya.

Tuanze na jambo lenyewe. Kuna namna ya kuandika muziki wa gita ambayo huitwa tabulatura, na neno hilo linaingia katika Kiswahili bila kutuvunja ulimi. Huchorwa mistari sita ya mlalo, kila mstari ukiwakilisha uzi mmoja wa gita. Mstari wa juu kabisa ni uzi wa kwanza, ule mwembamba wenye mlio wa juu. Mstari wa chini kabisa ni uzi wa sita, ule mnene wa besi. Juu ya mistari hiyo huandikwa tarakimu. Tarakimu 3 juu ya mstari wa tano humwambia mpigaji, 'Bana uzi wa tano kwenye freti ya tatu.' Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokingama shingoni mwa gita. Sufuri maana yake ni kuupiga uzi ukiwa wazi, bila kubana popote.

Vijana wanaojifunza gita kupitia intaneti hulikata neno hili na kusema 'tabu' tu. Si vibaya, ila jina hilo lina ukweli ndani yake, kwani tabu ipo, nasi tutaifikia punde.

Tabulatura si uvumbuzi wa juzi. Mjini Venice, mchapishaji Ottaviano Petrucci alitoa vitabu vya tabulatura ya ala iitwayo luti mwaka wa 1507. Nchini Uhispania, Luis de Milán alichapisha kitabu chake, El Maestro, mjini Valencia mwaka wa 1536, kwa ajili ya vihuela, ala iliyo jamaa ya gita. Ubora wa mfumo huu ni kwamba hauhitaji elimu kubwa. Mtu asiyejua hata nota moja anaweza kuweka kidole pale alipoambiwa na mlio ukatoka.

Udhaifu wake nao uko papo hapo. Tabulatura sahili hukueleza mahali pa kuweka kidole, ila haikuelezi mlio udumu kwa muda gani. Wanaokumbuka Kiswahili kilivyoandikwa kwa hati za Kiarabu wataelewa upesi. Hati zile zilikuwa na alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Alama moja ilibeba 'i' na 'e', nyingine ikabeba 'u' na 'o'. Aliyeijua lugha alisoma bila shida kwa kuwa masikio yake yaliijazia hati mapengo. Mgeni alikwama. Vivyo hivyo, anayeujua wimbo huisoma tabulatura sahili vizuri kabisa, na asiyeujua wimbo hubaki akibahatisha.

Sasa tuingie kwenye kiini. Wale mlioimba kwaya shuleni au kanisani mnaijua karatasi ya sol-fa, mfumo ulioenezwa na mhubiri Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover. Katika karatasi hiyo kila sauti ina safu yake: soprano juu, kisha alto, tena na besi. Nukta pacha hutenganisha mapigo. Jambo muhimu kuliko yote ni kistari. Mwimbaji wa besi akikuta 'd' kisha kistari, anajua kwamba ile 'do' inaendelea, asiikate, hata kama soprano pale juu wanakimbia na nota nne. Kila safu ina maisha yake, na bado zote zinakwenda pamoja.

Tabulatura inafanana na sol-fa kwa kuwa nayo ina mistari iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wanadhani mistari sita ni sauti sita. Sivyo. Mistari ya tabulatura ni nyuzi, na nyuzi si sauti. Besi inaweza kuanzia uzi wa tano, ikahamia wa nne, ikarudi wa sita, na bado ikawa besi ile ile moja. Melodia nayo inaweza kushuka hadi uzi wa tatu au wa nne, ikaingia eneo ambalo besi ilikuwa imekaa sekunde moja iliyopita. Uzi ni mahali, na sauti ni safari inayopita mahali pengi.

Nimetumia neno 'sauti' mara kadhaa, na nadhani msomaji makini ameanza kukuna kichwa. Neno hili tumelibebesha mizigo mingi. Katika isimu tunazungumzia sauti ghuna na sauti sighuna. Katika fizikia kuna mawimbi ya sauti. Mzazi akimwambia mtoto apunguze sauti ya redio, anamaanisha ukubwa wa mlio. Kituo chetu cha taifa kiliwahi kuitwa Sauti ya Kenya. Kwenye kwaya, 'sauti ya pili' ni kundi la waimbaji. Mwalimu akimwambia mwanafunzi 'sauti hii iko kwenye uzi gani', mwanafunzi ana haki ya kuuliza, 'Sauti ipi, mwalimu? Mlio huu mmoja, au besi nzima?'

Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba tunapoandika muziki wa ala moja inayobeba safari zaidi ya moja kwa wakati mmoja, kila safari tuiite mkondo. Neno hili ni letu, na Wakenya wanalijua kwa njia mbili. Kuna mkondo wa maji, unaotiririka bila kukatika. Kuna pia mikondo ya shuleni: darasa moja likiwa na mkondo wa Mashariki na mkondo wa Magharibi. Ratiba ni moja na kengele ni moja, lakini kila mkondo una mwalimu wake na kazi yake. Gita ya vidole iko hivyo hasa. Kidole gumba kina mkondo wake wa besi, kidole cha shahada kina mkondo wake wa melodia, na kengele inawalilia wote kwa pamoja.

Hebu tuchukue mfano mdogo niliouunda mwenyewe. Chukulia baa moja, yaani kile kipande cha muziki kinachofungwa na mistari ya wima, yenye mapigo manne. Kidole gumba kinapiga uzi wa tano freti ya tatu, ambayo ni nota ya C, na mlio unaachwa udumu mapigo mawili. Pigo la tatu kinapiga uzi wa sita freti ya tatu, nota ya G, nao unadumu mapigo mawili yaliyobaki. Wakati huo huo kidole cha shahada kinapiga nota nane za nusu pigo kila moja. Nne za kwanza ni uzi wa pili freti ya kwanza, uzi wa kwanza wazi, uzi wa pili freti ya tatu, na uzi wa pili freti ya kwanza. Nne za mwisho ni uzi wa tatu wazi, uzi wa pili wazi, uzi wa pili freti ya kwanza, na uzi wa pili freti ya tatu.

Tarakimu zote ni kumi. Ukiziandika kwa penseli juu ya mistari sita, hakuna atakayelalamika. Tatizo huanza unapoziingiza katika programu ya tarakilishi kana kwamba ni mkondo mmoja. Programu inajua kwamba nota zinazopigwa pamoja ndani ya mkondo mmoja zina urefu sawa. Nota ya besi imepigwa pamoja na nota ya kwanza ya melodia, na melodia ile ina urefu wa nusu pigo. Basi besi nayo inapewa nusu pigo. Ilistahili mapigo mawili, imepata robo ya haki yake. Ukibonyeza programu ikuchezee, utasikia besi ikigonga na kukatika, ikigonga na kukatika, kama mtu mwenye kwikwi.

Wapo wanaojaribu kulitatua hili kwa kuiunganisha nota ya besi na nafsi yake kwa upinde, nusu pigo baada ya nusu pigo, hadi mapigo mawili yatimie. Kihesabu ni sahihi. Kwa macho ya msomaji ni msitu. Baa moja ya nota kumi inageuka kuwa na nota kumi na sita na pinde sita, ilhali mpigaji alipiga kumi tu.

Dawa ni kuitenganisha mikondo tangu mwanzo. Programu zilizo makini zimeandaliwa kwa kazi hiyo. Nitataja mbili ambazo mtu yeyote anaweza kuzipata bila kulipa hata ndururu. Ya kwanza ni MuseScore, iliyoanzishwa na Mjerumani Werner Schweer mwaka wa 2002. Humo kila safu ya nota inaweza kubeba hadi mikondo minne, na kila mkondo una rangi yake unapouchagua kwenye skrini: wa kwanza samawati, wa pili kijani. Desturi ni kuweka melodia katika mkondo wa kwanza, na vijiti vya nota zake vinaelekea juu. Besi huwekwa katika mkondo wa pili, vijiti vikielekea chini. Msomaji akiona kijiti kimeshuka anajua mara moja: hiyo ni kazi ya gumba.

Ya pili ni LilyPond, iliyoanzishwa mwaka wa 1996 na Waholanzi Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen. Hii haitumii kipanya. Unaandika muziki kama unavyoandika barua, kwa herufi na tarakimu, kisha programu inachora ukurasa. Mikondo miwili huandikwa kila mmoja ndani ya mabano yake, na baada ya nota unaweza kutaja uzi unaoutaka. Mwanzoni inatisha kidogo. Ila mtu aliyezoea kuchanganua sentensi kwa matawi na mabano hatapata shida kubwa, kwani mantiki ni ile ile.

Katika programu zote mbili kuna hatua nne ambazo nimeona zikirukwa mara nyingi.

Hatua ya kwanza ni kuchagua aina ya tabulatura inayoonyesha muda. Mpangilio sahili huonyesha tarakimu pekee na kuficha vijiti na mapumziko. LilyPond yenyewe isipoambiwa vinginevyo hufanya hivyo. Ukiacha mpangilio huo, utakuwa umetenganisha mikondo miwili kwa jasho lako, halafu ukurasa unaificha yote. Chagua mpangilio kamili, au weka tabulatura chini ya mistari mitano ya nota za kawaida, viwili hivyo vikiwa vimeunganishwa. Hapo mistari mitano itaeleza muda, tabulatura itaeleza mahali.

Hatua ya pili ni kuamua uzi. Nota moja ya gita huweza kupatikana mahali pengi. Ile E ya uzi wa kwanza ukiwa wazi ipo pia kwenye uzi wa pili freti ya tano, uzi wa tatu freti ya tisa, na uzi wa nne freti ya kumi na nne. Programu isipoelekezwa huchagua mahali pa karibu na kichwa cha gita, kwenye freti ya chini zaidi. Mpigaji wako huenda hakufanya hivyo. Huenda mkono wake ulikuwa umepanda hadi freti ya tano, na mlio wake ulikuwa mzito kuliko ule wa uzi mtupu. Mashine haijui mkono wa mzee ulikuwa wapi. Wewe ndiwe unayejua, au unayepaswa kusikiliza tena na tena hadi ujue.

Hatua ya tatu ni kuangalia ugomvi wa nyuzi. Tuseme mkondo wa besi umeshika uzi wa tatu freti ya pili, na umeandikiwa mapigo manne. Katika pigo la pili, mkondo wa melodia unadai uzi huo huo wa tatu, ukiwa wazi. Kwenye mistari mitano hakuna ubaya, kwani nota hizo mbili ni tofauti na zinaandikika. Kwenye gita haiwezekani. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na uzi wa gita haujawahi kushika hata hizo mbili. Uzi mmoja hutoa mlio mmoja kwa wakati mmoja. Programu nyingine zitakuonya, nyingine zitaisukuma nota moja kwenye uzi wa jirani kimyakimya. Vyovyote iwavyo, ugomvi huo ni habari njema kwa mwandishi, kwa sababu unamfichulia kwamba mojawapo ya mambo mawili si kweli: ama besi haikudumu mapigo manne, ama melodia haikupigwa pale. Rudi kwenye rekodi.

Hatua ya nne inahusu nota ya pamoja. Mara kwa mara gumba hupiga nota ambayo ni besi na papo hapo ni sehemu ya melodia. Kwenye mistari mitano nota hiyo hupewa vijiti viwili, kimoja juu na kimoja chini, nayo ikahesabiwa katika mikondo yote miwili. Kwenye tabulatura ikiandikwa mara mbili, programu itatafuta nyuzi mbili za kuipigia, na mpigaji atahangaika kutafuta kidole cha ziada ambacho Mungu hakumpa. Suluhisho ni kuiacha tarakimu moja ionekane na ya pili ifichwe, au mkondo mmoja upewe pumziko lililofichwa. Mapumziko ya mkondo wa pili pia yafichwe pale yanapojaza ukurasa bila kumsaidia msomaji.

Anayetaka ushahidi kwamba uzi na mkondo ni mambo mawili tofauti auone katika faili za MusicXML, muundo unaotumiwa kuhamisha muziki kutoka programu moja hadi nyingine. Ndani ya faili hiyo, kila nota ya gita inaweza kubeba namba tatu zisizotegemeana: namba ya mkondo, namba ya uzi na namba ya freti. Ukiacha namba ya mkondo, zile mbili nyingine hazitakuokoa.

Wala tusidhani ni tarakilishi iliyotuletea fikra hii. Luis de Milán niliyemtaja, na wenzake kama Luis de Narváez mwaka wa 1538, walikuwa na tatizo lilo hilo karibu miaka mia tano iliyopita. Walitaka ukurasa mmoja wa tabulatura umwonyeshe mpigaji nyuzi zote, na papo hapo umwonyeshe ni nota zipi zinazopaswa kuimbwa. Walifanyaje? Walichapisha tarakimu za mkondo wa kuimbwa kwa wino mwekundu na zile nyingine kwa wino mweusi. Samawati na kijani za MuseScore ni wajukuu wa wino ule mwekundu.

Sasa, kwa nini profesa wa Kiswahili akose usingizi kwa ajili ya vijiti vya nota? Ni kwa sababu sehemu kubwa ya fasihi ya nyimbo za Kiswahili ya karne iliyopita imekaa juu ya gita ya aina hii hasa. Mwaka wa 1952, mtafiti Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, katika eneo la Katanga nchini Kongo. Mwenda aliimba nyimbo nyingi kwa Kiswahili cha kwao, akipiga gita kavu kwa gumba na kidole cha shahada, na mwaka wa 1959 alifika Nairobi. Katika magharibi mwa Kenya, George Mukabi, aliyefariki mwaka wa 1963, alijulikana kwa mtindo wa omutibo: gita ya vidole inaongea, chupa ya Fanta inakwaruzwa kuweka mdundo, na maneno ya Kiswahili yanapita juu yake.

Na nani aliyeketi kuuandika muziki wa Mwenda nota kwa nota? Alikuwa David Rycroft, mhadhiri wa lugha za Kibantu katika chuo cha SOAS, London. Alichapisha uchambuzi wake katika jarida la African Music mwaka wa 1961 na 1962. Msomi wa lugha za Kibantu aliona kwamba hawezi kueleza usanii wa Mwenda bila kuonyesha vidole vinavyojibizana. Sioni ajabu. Sisi tunaofundisha fasihi simulizi tunajua kiitikio ni nini. Katika gita hizi, besi humjibu mwimbaji, melodia humchokoza, na mara nyingine maana ya ubeti hukamilishwa na nyuzi baada ya mdomo kufunga. Kuyanukuu maneno na kuiacha gita ni kunukuu nusu ya mazungumzo.

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alirekodi nyimbo za babu yake, mpigaji wa zamani ambaye sasa ni marehemu. Aliandika tabulatura kwa uangalifu mkubwa, na tarakimu zote zilikuwa sahihi. Zote zilikuwa katika mkondo mmoja. Tukampa kijana mwingine, hodari wa gita lakini hajawahi kuzisikia nyimbo zile, azipige kutoka kwenye karatasi. Vidole vilikwenda pale palipoandikwa. Mwanafunzi wangu alisikiliza ubeti mzima, kisha akasema kwa upole, 'Huyu si babu.' Besi ilikuwa imekatwakatwa, na melodia haikuwa na kitu cha kuegemea. Ilimchukua wiki kadhaa kurudi kwenye rekodi na kutenganisha mikondo miwili, wimbo baada ya wimbo. Alikuwa na bahati kwamba rekodi ilikuwepo. Iwapo karatasi ile ya kwanza ndiyo pekee ingebaki, babu angehifadhiwa kwa namna ambayo ni sawa na kupotezwa.

Hilo ndilo linalonisumbua. Wapigaji wa kizazi kile wanaondoka. Wajukuu wao wana simu na tarakilishi, na wana nia njema. Kila wiki kuna kijana anayeandika wimbo wa mzee wa kijijini na kuusambaza kwa wenzake. Karatasi hizo ndizo zitakazosomwa miaka hamsini ijayo, wakati hakuna sikio lililobaki la kujazia mapengo. Zikiandikwa kwa mkondo mmoja, wasomaji hao watakuwa wageni mbele ya hati yenye irabu tatu.

Lazima niongeze kwamba hata mikondo miwili iliyoandikwa vizuri haibebi kila kitu. Haibebi ule ucheleweshaji mdogo wa gumba unaoufanya mdundo utembee, wala ukwaruzaji wa chupa, wala kicheko kati ya beti. Anayeandika na aiweke rekodi kando ya karatasi, aeleze nyuzi zilikazwaje, na aeleze kama shingo ya gita ilibanwa kwa kibanio. Karatasi na rekodi ni kama kamusi na mzungumzaji. Kila kimoja kinamkosoa mwenziwe.

Kwa upande wa lugha, kazi iliyobaki si kubwa kiasi cha kuundiwa kamati ya miaka kumi. Tunahitaji maneno machache yaliyo wazi: uzi, freti, nota, baa, pigo, pumziko, kijiti, mkondo. Mengi tunayo tayari, na machache tumeyakopa na kuyavisha kanzu. Walimu wa Muziki na walimu wa Kiswahili wa shule zetu wakikaa meza moja mchana mmoja, wanaweza kukubaliana. Asiyelipenda neno 'mkondo' na alete lake, mradi lisiwe 'sauti' tena, maana sauti imechoka.

Na kwa kijana aliye na rekodi ya babu au nyanya na hajaanza kuandika, nina neno moja. Kabla ya kuingiza tarakimu ya kwanza, sikiliza wimbo mara moja ukifuata gumba peke yake. Usikilize mara ya pili ukifuata kidole cha shahada peke yake. Ukiweza kuimba kila mkondo kwa mdomo wako, sasa fungua programu.